Kusoma na Kusomea: Mhitimu wa Falsafa, Lugha ya Kiswahili na Swali la Ajira



Naushukuru uongozi wa Chuo kwa heshima hii ya kutoa mhadhara wa hadhara wa mwaka. Walionialika, nadhani, walitarajia nizungumzie ngeli za nomino, maana ndizo zilizonilisha mimi na watoto wangu kwa zaidi ya miaka thelathini. Ngeli zitakuja, ila zitachelewa kidogo. Jioni ya leo nataka kuanza na deni ninalodaiwa, na deni lenyewe liko Kapalamsenga.

Kapalamsenga ni kata iliyo upande wa Ziwa Tanganyika katika Mkoa wa Katavi, mkoa uliozaliwa mwaka 2012 ulipomegwa kutoka Rukwa. Nilikwenda huko miaka kadhaa iliyopita kukusanya data za mwachano na mwingiliano wa Kiswahili na Kibende. Aliyenipokea na kunisaidia kunukuu mazungumzo ni kijana wa hapo hapo ambaye zamani alikuwa mwanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza katika somo la utangulizi wa isimu. Enzi hizo alikuja ofisini kwangu kuomba ushauri: abaki na mchepuo wa lugha, au ahamie shahada ya falsafa aliyoipenda? Nilimwambia asiogope, mtu mwenye akili iliyonolewa hakosi kazi. Nikamwandikia na barua ya mapendekezo ya kurasa mbili. Barua ile niliiona nzuri sana.

Siku ya tatu mama yake alinijia uani nilipokuwa nimekaa na kinasa sauti.

“Shikamoo, mwalimu.”

“Marahaba, mama.”

“Mwanangu aliniambia wewe ndiye uliyemshauri. Naomba unijuze, mtoto huyu amesomea nini?”

“Amesomea falsafa, mama.”

“Hilo ameniambia. Nauliza amesomea nini.”

Nilikaa kimya. Yule mama hakuwa na ukali wowote. Alisubiri kwa adabu, kama anayedhani sikusikia vizuri, kisha akaenda zake kuepua ugali. Tangu siku hiyo nimelichambua swali lake kama nilivyozoea kuchambua sentensi, na mhadhara huu ndio jibu langu lililochelewa.

Kauli ya kutendea

Tuanze na kitenzi chenyewe. Kila mwanafunzi wa sarufi ya Kiswahili anajua kwamba kiambishi cha kutendea kina mzigo mzito. Kijana humsomea bibi yake barua, na hapo kitendo ni kwa manufaa ya mwingine. Huweza kusomea Mpanda, na hapo tunaonyesha mahali. Husomea kibatari, na hapo tunataja chombo. Lakini tukisema kijana anasomea ualimu, anasomea uuguzi, anasomea uhandisi, kiambishi kile kile kinabeba lengo. Tazameni pia aina ya nomino inayofuata. Aghalabu ni nomino dhahania yenye kiambishi u-, na haitaji elimu bali hadhi: ile hali ya kuwa mwalimu, muuguzi, mhandisi, padri. Anayesomea ualimu hafanyi ualimu uwe maudhui ya kitabu chake. Anaelekea mahali ambapo watu watamwita mwalimu na kumlipa kama mwalimu.

Sasa falsafa. Tunasema “anasomea falsafa”, na sentensi haina kosa. Hata hivyo sijapata kumsikia mtu akisema “anasomea uanafalsafa”. Nafasi ya lengo imejazwa na jina la maarifa, na jina la hadhi halipo. Mama yule alisikia pengo hilo kabla yangu mimi mwenye shahada ya uzamivu. Mara ya kwanza aliuliza swali nami nikajibu kwa kutaja maarifa. Mara ya pili aliuliza swali lile lile kwa maneno yale yale, akitaka hadhi.

Baadhi ya wenzangu watasema kwamba tatizo liko kwenye neno mwanafalsafa, kwamba viambatani vya mwana- ni vya kitabuni na havina mshahara. Siafiki. Mwanasheria ana mshahara. Mwanajeshi ana mshahara, na sare juu yake. Mwanahabari anao, ingawa wakati mwingine unachelewa. Kwa hiyo umbo la neno halina lawama. Kilichokosekana ni ofisi ambayo neno lingeitaja.

Lawama fulani, hata hivyo, iko katika matumizi ya neno falsafa lenyewe. Neno hili, tulilolipokea kwa njia ya Kiarabu kutoka Kiyunani, limepanuka maana katika nusu karne iliyopita kwa namna inayostahili tasnifu. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 tulizungumza juu ya falsafa ya Ujamaa na Kujitegemea, na hapo neno lilikuwa bado na uzito wa fikra iliyopangwa. Kisha ikaja falsafa ya kampeni fulani, falsafa ya kocha wa timu fulani, hata falsafa ya duka. Upande wa pili, mtu anayezungusha maneno huambiwa “acha falsafa zako”. Basi mhitimu wetu anaingia katika soko la ajira akiwa na cheti chenye neno ambalo kwa masikio ya wengi lina maana mbili: kaulimbiu, au porojo.

Kazi na ajira

Kuna jozi nyingine ya maneno ambayo lazima tuitazame kabla ya kuzungumza juu ya soko, nayo ni kazi na ajira. Huko Katavi nilikutana na vijana wanaolima mpunga na mahindi tangu alfajiri, na wengine wanaoteremka ziwani kuvua dagaa usiku kucha kwa taa. Ukimwuliza mmoja wao unafanya nini, atakujibu, “Sina kazi.” Anasema hivyo akiwa na jembe mkononi. Kwa muktadha huo kazi imekwisha kuwa kisawe cha ajira, yaani shughuli yenye mwajiri, mkataba na mshahara wa mwisho wa mwezi. Wanafunzi wangu wanaosikiliza leo nao husema hivyo hivyo, nami siwalaumu, maana aliyekopa hawezi kulipa kwa tafsiri pana ya neno kazi. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2016, mnufaika wa mkopo wa elimu ya juu aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi hadi deni liishe. Bodi haikubaliani na mtu anayesema kwamba kufikiri nako ni kazi.

Kwa hiyo sitawapa faraja ya bei rahisi ya kusema kwamba falsafa ni hazina ya moyoni na ajira si hoja. Niliwahi kusema maneno ya namna hiyo ofisini kwangu, na mnajua yalikoishia.

Mwajiri mmoja

Kwa nini ofisi ya mwanafalsafa haipo? Jibu la kihistoria liko karibu na Kapalamsenga kuliko tunavyodhani. Karema, kando ya ziwa, ilikuwa kituo cha Wabelgiji kuanzia mwaka 1879, na mwaka 1885 kikakabidhiwa kwa Wamisionari wa Afrika ambao watu waliwaita Mapadri Weupe. Hapo ndipo alipofika mwaka 1889 Adriano Atiman, mtu wa huko Mali ya leo aliyekombolewa utumwani akasomeshwa utabibu Malta, akawatibu watu wa Karema hadi alipofariki mwaka 1956. Namtaja kwa sababu watu wa huko bado wanamtaja, na kwa sababu yeye hakuna aliyemwuliza amesomea nini, majeraha yalijibu.

Falsafa iliingia katika ukanda huo kwa mlango huo huo wa misheni. Kwa vijana wa Kikatoliki wa magharibi ya Tanganyika ilisomwa katika seminari kuu, hasa Kipalapala karibu na Tabora iliyoanzishwa mwaka 1925. Mpangilio wake ulikuwa wazi: kwanza falsafa, kisha teolojia, kisha upadri. Mseminari alisoma falsafa akiwa njiani kwenda kwenye hadhi yenye jina, kanzu na nyumba. Alisomea upadri, falsafa aliisoma tu. Kwa maneno mengine, kwa vizazi kadhaa falsafa ilikuwa na mwajiri mmoja, na mwajiri huyo hakuihitaji peke yake bali kama ngazi.

Jambo hili si la Wakristo peke yao. Katika elimu ya Kiislamu ya mwambao, mantiki ilihesabiwa miongoni mwa fani za mwanachuoni aliyepiga hatua, lakini aliyeisoma alijulikana kwa usheikh au ukadhi wake, si kwa mantiki. Pande zote mbili elimu ya kufikiri ilipewa chakula na taasisi iliyokuwa na shughuli nyingine.

Vyuo vikuu vyetu vilipoanza kutoa shahada ya falsafa kwa watu wote, vilichukua somo vikaacha ngazi. Leo shahada hiyo inatolewa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na katika vyuo vyenye asili ya kanisa kama Mtakatifu Augustino kule Mwanza na Jordan kule Morogoro, ambacho kilianza kama taasisi ya falsafa na teolojia ya Wasalvatoriani. Katika madarasa hayo mnakaa pamoja mfrateri ambaye anajua anakokwenda na kijana kama yule wa Kapalamsenga ambaye hajui. Wanapata mhadhara mmoja na mtihani mmoja. Siku ya mahafali mmoja anarudi kwa shirika lake, mwingine anarudi kwa mama yake.

Matangazo ya kazi kama matini

Nimejizoesha kuyasoma matangazo ya nafasi za kazi kama matini, na nawashauri wanaisimu mfanye hivyo. Tangazo la utumishi wa umma hutaja shahada kwa majina ya fani: uchumi, sosholojia, sheria, utawala, maendeleo ya jamii. Mwishoni huja kishazi kinachosema “au sifa inayolingana na hizo”. Kitenzi kulingana ndicho mlango pekee wa mhitimu wa falsafa, na mlango huo una bawabu. Nani anaamua nini kinalingana na nini? Katika hatua ya mchujo, mara nyingi ni mtu mwenye orodha mbele yake na maombi mengi mezani. Jina lisilo katika orodha huwekwa pembeni. Nasema hivi bila kumlaumu mchujaji. Amepewa majina, naye anatafuta majina.

Ualimu, ambao kwa mhitimu wa historia au jiografia ndio kimbilio la kwanza, nao una kikwazo. Katika mitaala tuliyoishi nayo kwa miongo mingi, falsafa haikuwa miongoni mwa masomo ya kawaida ya kufundishia sekondari. Mhitimu anayetaka kuingia darasani huhitaji stashahada ya uzamili katika elimu, na pia somo la kufundishia. Ndiyo maana nawasihi wanafunzi wa mwaka wa kwanza waliomo humu: anayechukua falsafa achukue na somo la pili linalofundishika, na alichukue kwa uzito. Huu ndio ushauri ambao sikuutoa. Mitaala mipya iliyoanza kutekelezwa kwa awamu mwaka 2024 imeleta somo la Historia ya Tanzania na Maadili. Kama idara za falsafa hazitagonga mlango huo mapema, watakaolifundisha maadili ni watu ambao hawajapata hata saa moja ya kuchambua dhana hiyo.

Penye kazi isiyo na jina

Hata hivyo, nikiitazama nchi kwa jicho la mtu wa lugha, naiona kazi ya mwanafalsafa imelala kila mahali bila jina.

Chukueni sheria. Mwaka 2021 Bunge letu lilibadili sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Watu wengi walidhani kilichobaki ni kutafsiri. Lakini anayetafsiri hukutana na neno haki. Kiingereza kina neno moja kwa kile ambacho mtu anastahili kudai, na neno jingine kwa uadilifu wa hukumu yenyewe. Kiswahili kinayaita yote haki. Je, tutenganishe kwa kuunda istilahi mpya, au umoja wa neno letu unasema jambo ambalo lugha nyingine imelipoteza, kwamba hukumu ya haki si kitu zaidi ya kumpa kila mtu haki yake? Swali hilo halijibiwi kwa kamusi. Linahitaji mtu aliyefunzwa kutofautisha dhana, akae meza moja na mwanasheria na mwanaisimu. Vivyo hivyo kwa nia, dhamana, dhuluma, uzembe. Kiswahili kikiwa lugha rasmi ya SADC tangu 2019 na ya Umoja wa Afrika tangu 2022, meza za namna hiyo zitaongezeka, na kwa sasa tunazijaza kwa wakalimani wenye ufasaha ambao hawajafunzwa kazi hii ya pili.

Chukueni utabibu. Utafiti wa afya kwa binadamu hauanzi nchini mpaka kamati za maadili zipitie pendekezo lake, na fomu ya ridhaa lazima ieleweke kwa anayeisaini. Je, “ridhaa” ya mke ambaye mumewe amekwisha kukubali kwa niaba yake ni ridhaa? Hapo tuna kazi ya kulipwa kabisa, na chuo cha tiba pale Muhimbili kimekwisha kuanzisha masomo ya uzamili katika maadili ya tiba.

Na chukueni mfano wa Wilaya ya Tanganyika yenyewe. Vijiji vinane vya wilaya hiyo vimeingia katika biashara ya hewa ukaa: vinalinda msitu, na kwa kaboni inayobaki katika miti vinalipwa fedha ambazo zimejenga zahanati na madarasa. Nilipokuwa Kapalamsenga, ambako habari za vijiji hivyo zilikuwa zikizungumzwa kila kijiweni, mzee mmoja aliniuliza swali ambalo nililiandika katika daftari langu la isimu ingawa halikuwa la isimu: “Mwalimu, tukiuza hewa, aliyenunua ameichukua kwa njia gani?” Watu walicheka. Mwanafunzi wangu wa zamani hakucheka. Alieleza, kwa Kiswahili chepesi na bila istilahi hata moja ya kigeni, kwamba kinachouzwa si hewa wala mti, ni ahadi ya kutofanya jambo. Kisha akauliza wazee kama mtu anaweza kuuza ahadi ambayo mjukuu wake ndiye atakayeitimiza. Mabishano yaliendelea mpaka usiku. Nimehudhuria semina nyingi zilizogharimu fedha nyingi na hazikufika hapo.

Ngeli, kama nilivyoahidi

Mtaniuliza: haya yanahusu nini taaluma za Kiswahili? Yanahusu sana, kwa sababu falsafa ya Kiafrika ya kisasa ilianza kama ubishi juu ya lugha zetu. Ng’ambo ya ziwa, katika Katanga, padri Placide Tempels aliandika kitabu chake juu ya falsafa ya Kibantu kilichotoka mwaka 1945. Muongo mmoja baadaye Alexis Kagame wa Rwanda alizichukua ngeli za Kinyarwanda akadai kwamba zimebeba mgawanyo wa vitu vyote vilivyopo: umuntu, ikintu, ahantu, ukuntu, yaani mtu, kitu, mahali na namna. Ni wazo zuri mno, na nilipokuwa kijana niliamini. Kisha Kiswahili kikanionya. Kijana, kiongozi na kipofu wamo katika umbo la ki-vi, lakini tunasema “kijana amekuja”, hatusemi “kijana kimekuja”. Neno letu la mahali limetoka Kiarabu na bado linadai upatanisho wa pa-. Ngeli si ramani tulivu ya ulimwengu; ni uwanja ambamo umbo na maana vinavutana.

Paulin Hountondji wa Benin alipinga kwa nguvu zote wazo la kwamba falsafa inaweza kuwa mali ya pamoja ya kabila, na Henry Odera Oruka kule Nairobi akaenda vijijini kuwasikiliza wenye hekima mmoja mmoja, kila mmoja kwa jina lake. Nawataja pia kwa sababu ya mada yetu: Hountondji alikuwa waziri wa elimu wa nchi yake mwanzoni mwa miaka ya 1990. Na Euphrase Kezilahabi wetu, aliyefariki mwaka 2020, aliandika tasnifu yake ya uzamivu ya mwaka 1985 kule Wisconsin juu ya falsafa ya Kiafrika na ufasiri wa fasihi, kisha akatupa *Nagona* na *Mzingile*. Ajira yake ilikuwa ualimu wa lugha na fasihi. Alisomea ualimu, naweza kusema, akasoma falsafa, na hakuacha kimoja kikafa kwa ajili ya kingine.

Pendekezo langu kwa Chuo ni dogo. Tuanzishe shahada ya pamoja ya Kiswahili na falsafa, yenye mafunzo kwa vitendo ya muhula mzima katika mahakama, halmashauri au hospitali, na tuwaandikie wenye mamlaka ya ajira ili jina la shahada hiyo liingie katika orodha zao kabla mwanafunzi wa kwanza hajahitimu. Orodha husomwa kwa majina. Basi tuipe jina. Kama hatuwezi kufanya hivyo, tumwambie ukweli kila anayejiandikisha, siku ya kwanza, kwa Kiswahili ambacho mama yake atakielewa.

Mwanafunzi wangu yuko Mpanda mjini sasa. Alipata mkataba wa miezi sita wa kutafsiri nyaraka, ukaisha. Akafungua steshenari ndogo: kompyuta moja, mashine moja ya fotokopi. Watu humletea malalamiko ya mashamba, rufaa, barua za kuomba kazi. Haandiki mara moja. Mtu akisema “amenidhulumu”, humwuliza kwanza alichukuliwa nini, kilikuwa chake kwa njia gani, na nani aliona. Wengine hukasirika wakaenda duka la pili. Wengi hurudi, kwa kuwa, kama alivyoniambia kwa simu wiki iliyopita, barua zilizoulizwa maswali hujibiwa. Hulipwa kwa ukurasa. Mkopo wake bado uko.

Mama yake sijamwona tena. Nimeomba nitakapokwenda Katavi mwezi Julai kumalizia data zangu nifikie nyumbani kwake, na amekubali.

Nimeambiwa kwamba tuna nusu saa ya maswali.